Sahani kubwa ya buluu kutoka gulioni: ni ya kale kweli, na je, naweza kupakulia biriani?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Leicester, huu mwaka wa nne. Jumapili iliyopita nilikwenda gulio lile ambalo watu huuza vyombo vyao vya nyumbani nyuma ya magari, nikanunua sahani kubwa ya umbo la yai kwa pauni 20. Ina maua na ndege wa mikia mirefu kwa rangi ya samawati. Kati yake kuna mifereji iliyochongwa kama matawi ya mti, na upande mmoja kuna shimo. Nyuma imeandikwa Asiatic Pheasants, chini yake herufi mbili, na kuna namba 18 iliyobonyea kwenye udongo. Ina madoa ya kahawia na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Muuzaji aliniambia ni ya enzi ya Malkia Victoria. Je, ni kweli? Nataka kuisafisha kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe kisha niipakulie biriani siku ya Idi. Na nimeshapenda, nataka kununua nyingine. Nianzie wapi? Kwa bibi yangu Unguja zilikuwapo sahani zinazofanana na hii, zimepangwa ukutani.

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kwanza, na nakuomba ulifuate kabla hujasoma zaidi: hiyo dawa ya kufulia irudishe kabatini. Nitakueleza sababu yake, ila nimechelea usije ukaimwaga leo usiku.

Umenipigia picha sita za uso wa sahani na moja tu ya kitako. Ile moja ndiyo iliyonipa majibu karibu yote. Ukinishika mkono katika kazi hii, jizoeze hilo mapema: uso wa sahani umetengenezwa ili upendwe, lakini habari zake ziko nyuma. Ukiokota sahani gulioni, igeuze kwanza. Uzuri utakungoja.

Muuzaji hakukudanganya. Wazee wetu waliita sahani kubwa ya kupakulia kombe, nami nitalitumia neno hilo ingawa siku hizi vijana wakilisikia wanafikiria mpira. Kombe lako ni la nakshi iliyopendwa mno majumbani mwa Waingereza kuanzia miaka ya 1840 hadi karne ile inakwisha. Viwanda vingi vilipiga nakshi hiyohiyo, kwa hiyo jina Asiatic Pheasants ni jina la nakshi. Kiwanda utakitafuta kwa zile herufi mbili. Vitabu vya chapa za wafinyanzi vipo maktaba kubwa yoyote ya mjini kwako. Uwezekano mkubwa ni Staffordshire, ingawa nakshi hiyo ilipigwa pia Wales, Scotland na kule karibu na Newcastle.

Staffordshire utaisikia kila siku ukiingia katika mambo haya, basi uijue. Ni mkoa wa Uingereza, na ufinyanzi wake ulikuwa hasa katika miji sita iliyoshikana, Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, ambayo mwaka 1910 iliunganishwa ikawa Stoke-on-Trent. Walichokuwa nacho pale ni makaa ya mawe na udongo wa kawaida, ule unaotoa chombo chekundu au cha kahawia. Udongo mweupe haukuwapo. Uliletwa kutoka Devon, Dorset na Cornwall, na mawe ya gumegume yakaletwa kutoka pwani, yakachomwa na kusagwa unga wa kuufanya udongo uwe mweupe na mgumu. Sababu ya kusafirisha udongo kuufuata moto, badala ya moto kuufuata udongo, ni hesabu tu: joko lilikula makaa mengi kuliko uzito wa vyombo vilivyomo. Mfereji wa Trent and Mersey ulipokamilika mwaka 1777, mashua zikaleta udongo na kuchukua vyombo hadi bandarini bila kuvunjika njiani kama vilivyovunjika juu ya migongo ya farasi. Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri wa kule, alikuwa miongoni mwa walioupigania mfereji huo.

Sasa turudi kwenye kombe lako, maana hapa ndipo ninapopapenda. Watu wengi hudhani ua lile limechorwa kwa brashi. Halikuchorwa hivyo. Fundi alichonga picha nzima kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari, nukta kwa nukta. Bamba likapashwa moto, likapakwa rangi ya buluu ya kobalti iliyochanganywa na mafuta, likafutwa ili rangi ibaki ndani ya michoro tu. Juu yake ikawekwa karatasi ya shashi, ikapitishwa kwenye mashine ya kukandamiza, na picha ikahamia kwenye karatasi. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Kutoka hapo wanawake na wasichana walishika kazi: msichana alikata karatasi vipande kwa mkasi, na mwanamke mzoefu akaibandika kwenye chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja lakini hakijapata gilezi, yaani ule utando wa kioo unaong'aa. Aliisugua kwa brashi ngumu yenye sabuni mpaka rangi ikashika, kisha karatasi ikaoshwa kwa maji. Chombo kikarudi motoni kuunguza mafuta, kikachovywa gilezi, kikaingia tena jokoni. Mara tatu motoni, kwa sahani ya kuwekea nyama.

Mfinyanzi Josiah Spode ndiye aliyeikamilisha njia hii ya buluu chini ya gilezi kwa vyombo vya udongo, mnamo 1784. Kabla yake picha nyingi kwenye vyombo hivyo ziliwekwa juu ya gilezi, na visu vilizikwangua.

Kwa nini nakusimulia haya yote? Kwa sababu alama za mikono ya yule mwanamke bado ziko kwenye kombe lako. Fuata ukingo kwa kidole, polepole. Mahali fulani utaona maua hayakutani vizuri: ua limekatwa nusu, au mstari umepanda juu ya mstari. Hapo ndipo vipande viwili vya karatasi vilipokutana. Katika picha yako naliona upande wa kushoto, juu ya kichwa cha ndege. Watu hudhani ni kasoro na kuomba wapunguziwe bei. Kwangu hicho ni cheti cha kuzaliwa. Sahani za kuiga za siku hizi mara nyingi ukingo wake umekamilika bila kiungo, na ukizitazama kwa kioo cha kukuzia utaona nukta zilizopangwa sawasawa kama picha ya gazeti, si mistari ya patasi ya fundi.

Zile alama nyingine tatu ndogo nyuma, kama mtu amechoma kwa ncha ya msumari, ni mahali kombe lilipoegemea vishikizo vya udongo ndani ya joko ili gilezi isigande na chombo cha jirani. Hiyo namba 18 iliyobonyea mara nyingi ni urefu wake kwa inchi, maana makombe ya seti moja yalipanda kwa hatua, madogo ya inchi 10 hivi hadi makubwa ya 20 na zaidi. Lipime kwa futi ya fundi cherehani. Hesabu za viwanda hazikuwa sawasawa, usishtuke likipungua au kuzidi kidogo.

Kuhusu umri, angalia ambacho hakipo. Hakuna neno England. Sheria ya ushuru ya Marekani ilitaka bidhaa zinazoingia kule kuanzia 1891 ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikaanza kupiga neno hilo kwenye vyombo vyao vyote. Maneno Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Basi kukosekana kwake kunaelekea kusema kabla ya 1891, ingawa peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani chombo cha kuuzwa nyumbani hakikulazimishwa. Ukija kukutana na alama ya umbo la almasi yenye IV ya Kirumi juu yake, furahi: ni usajili wa umbo au nakshi uliotumika 1842 hadi 1883, na herufi zilizomo hukupa hata siku. Kuanzia 1884 waliandika Rd No na tarakimu.

Ile mifereji na shimo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu huu, maana kombe la namna hiyo linaeleza meza ya Mwingereza kuliko maelezo yoyote. Kwetu nyama hukatwa jikoni, ikaja mezani au mkekani tayari kwa kuliwa. Wao walileta paja zima la kondoo au pande la ng'ombe lililookwa, mwenye nyumba akalikata mbele ya wageni. Mchuzi ulipotoka ulifuata matawi ya ule mti ukateremka shimoni, ukachotwa kwa kijiko. Liweke kombe mezani ulitazame kwa ubavu. Lile shimo liko upande uliolala. Upande wa pili, chini, una miguu miwili mifupi inayouinua ili mchuzi uteremke wenyewe. Mfinyanzi wa miaka ile alifikiri hadi matone. Mengine yalikuwa na sahani bapa yenye matundu iliyokaa ndani yake, ya kuchujia samaki au nyama ya kuchemsha. Mara nyingi vitu hivyo viwili vimetengana, kila kimoja kimekwenda na warithi wake, na ukikuta matundu hayo yametundikwa ukutani kama pambo usishangae.

Baadaye katika enzi hiyohiyo ya Victoria, nyumba za wakubwa zikaacha kukata nyama mezani. Watumishi wakakata pembeni na kumletea kila mtu sahani yake. Leo nyumba ni ndogo, meza ndogo zaidi, na watu hawana pa kuweka kombe la inchi 18. Ndiyo maana umelipata kwa pauni 20. Mimi nilipoanza kununua, bei hiyo isingekupa hata kombe lililoungwa.

Haya, usafi. Udongo wa aina hii chini ya gilezi ni kama sifongo. Mafuta ya nyama yaliingia kupitia zile nyufa miaka mingi iliyopita, yakageuka kahawia. Ile dawa ya klorini itapausha madoa kwa wiki moja, kisha chumvi zake zilizonywewa na udongo zitakauka ndani, zikavimba, na kuibandua gilezi kutoka chini, magamba kwa magamba. Nimeletewa vyombo vya namna hiyo nivitengeneze. Havitengenezeki.

Anza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, ndani ya beseni la plastiki lenye taulo chini, pete umezivua. Hiyo pekee itaondoa nusu ya unachokiona. Madoa yakikusumbua sana, loweka kombe siku nzima katika maji safi ili udongo ushibe na usinywe uchafu tena, kisha weka pamba iliyolowa haidrojeni peroksidi ya duka la dawa, ile hafifu ya asilimia 3 hadi 6, juu ya doa tu, ufunike kwa plastiki ili isikauke. Badilisha pamba kila siku. Vaa glavu, fungua dirisha. Itachukua siku nyingi, pengine wiki. Halafu loweka katika maji safi mara kadhaa na uliache likauke polepole, mbali na hita. Usifanye hivi kwa chombo chenye dhahabu, chenye rangi zilizowekwa juu ya gilezi, wala kilichoungwa kwa gundi. Wako watakaokushauri ulipashe moto kwenye oveni ili doa litoke. Usiwasikilize, ufa mdogo hauhitaji joto jingi kuwa mkubwa. Na likibaki doa hafifu, liache. Mimi ninayo makombe yenye madoa na sijapata kuyaonea haya.

Biriani: hapana, mwanangu. Najua umeshaiona meza ya Idi kichwani mwako, na ni kweli ingependeza. Lakini gilezi za vyombo hivi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, lead kwa Kiingereza. Ile madini iliwaumiza wafanyakazi wa Staffordshire waliochovya vyombo kwa mikono mitupu, watoto wakiwamo, kabla ya kanuni kukazwa karne hiyo ilipokuwa ikiisha. Chombo kikiwa kizima na chakula kikiwa kikavu, hatari ni ndogo. Lakini chako kina nyufa uso mzima, na biriani ina ndimu, nyanya na mtindi. Tindikali ndiyo inayoitoa risasi kwenye gilezi, na moto wa chakula huiharakisha. Kwa watoto na mama mjamzito hakuna kiasi cha risasi ninachoweza kukuambia ni sawa. Vile vijiti vya kupimia risasi nyumbani visikutulize, vyaweza kutoa jibu lisilo kweli. Kama unataka kombe liwepo siku ya Idi, na mimi ningetaka liwepo, liweke katikati ya meza, ndani yake bakuli la kioo lenye biriani yako. Wageni wataziona kingo na ndege, chakula hakitagusa udongo.

Kuhusu kununua zaidi, wengi watakushauri uchague nakshi moja uifuate. Maoni yangu ni tofauti. Anayefuata nakshi moja hujikuta na sahani 40 zinazofanana na hajajifunza kitu baada ya ile ya tano. Fuata umbo. Wewe umeanza na kombe la kupakulia, basi kusanya vyombo vya kupakulia tu: makombe, bakuli za supu zenye vifuniko na pawa zake, vyombo vya mboga, vile vidogo vya mchuzi. Vitakupitisha katika historia yote ya ufinyanzi wa kule. Utapata cha rangi ya malai, kisicho na pambo, cha namna aliyoisifisha Wedgwood miaka ya 1760 mpaka ikaitwa ya malkia; ukikiinua utashangaa wepesi wake. Utapata kilichofuata, chenye weupe unaoelekea buluu: tazama pembeni mwa kitako, gilezi ilipojikusanya, utaona kivuli cha samawati. Utapata udongo mzito wa mawe ambao Charles James Mason aliukatia hataza mwaka 1813, wenye rangi nyingi za kuiga Wachina na Wajapani.

Kwa mwenye mfuko mwembamba ningesema anza na makombe ya ukingo wa kome. Ni meupe matupu, ukingo tu umebonyezwa mistari kama ganda la baharini na kupakwa buluu au kijani kwa brashi, mkono wa mtu, mvuto mmoja mmoja. Mengi ni ya mwisho wa karne ya 18 na miongo ya mwanzo ya 19, ya zamani kuliko lako, na bado watu huyapita kwa sababu hayana picha. Nikiwa na makombe kumi mbele yangu na ruhusa ya kuchukua moja, mara nyingi ni hilo.

Nakshi iitwayo Willow utaikuta kila mahali: mti, daraja lenye watu watatu, ndege wawili angani. Ile hadithi ya wapenzi waliogeuka ndege utakayosimuliwa na kila muuzaji si ya Kichina. Ilitungwa Uingereza, nakshi ikiwa tayari sokoni kwa miaka mingi. Usilipie hadithi. Lipia chombo.

Kabla ya kutoa pesa, likalishe kombe kwenye kiganja, vidole vimefunguka, uligonge ukingoni kwa kifundo cha kidole. Zima litalia. Lenye ufa litajibu kwa sauti ya ubao. Pitisha kucha ukingoni kote, mapengo yaliyojazwa rangi yana uvuguvugu na ulaini tofauti na gilezi ambayo ni baridi kama kioo. Tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti, huionyesha gundi na rangi mpya iking'aa vingine gizani. Ukiona vyuma vidogo vimeshona ufa kwa nyuma, hayo ni matengenezo ya zamani, kabla ya gundi nzuri, usiving'oe. Mwenyewe alilithamini kombe lake hata akalipeleka kwa fundi, na mimi hununua yenye vyuma kwa hiari yangu.

Jihadhari na vyombo vizito kupita kiasi vyenye chapa kubwa ya simba na farasi wa pembe moja na maneno Victoria Ware. Ni vya kuiga, na nyufa zake za kahawia zimetiwa makusudi, zimeenea sawasawa mno. Nyufa za kweli hazina utaratibu huo.

Kulitundika ukutani, usitumie waya wenye springi zinazobana kingo. Kombe la uzito huo liweke kwenye kishikizo juu ya kabati, au kwenye rafu yenye kizuizi mbele. Ukipata Jumamosi, panda treni uende Longton, kwenye jumba la makumbusho la Gladstone, uyaone majoko yenye umbo la chupa. Yalikuwa maelfu katika miji ile; yaliyosimama leo hayafiki 50. Kisha Hanley, jumba la makumbusho la mji, ambako utaona makombe mengi kwa siku moja kuliko utakayoyashika maisha yako yote.

Limebaki la bibi yako. Vyombo vya Ulaya vilimiminika Unguja na pwani nzima karne ya 19, vikapangwa kwenye zidaka na kuta pale pale palipokuwa na kaure ya Uchina kabla yake. Lakini usifanye haraka kuviita vya Kiingereza. Nyumbani kwetu Mombasa ilikuwapo sahani nyeupe ambayo bibi yangu hakuruhusu itumike kulia chakula. Maalimu aliiandikia aya kwa zafarani na maji ya waridi, ikaoshwa, mgonjwa akanywa. Miaka yote tuliiita sahani ya Mwingereza. Siku niliyoigeuza, nikiwa mtu mzima, nilikuta chapa ya Maastricht, Uholanzi. Vingi vilitoka huko, vingine Scotland, hasa zile bakuli zenye maua yaliyopigwa kwa sifongo.

Kwa hiyo wapigie simu waliobaki Unguja. Waambie wazishushe sahani za ukutani moja moja, wawili wawili wakishika, wazigeuze, wakupigie picha za vitako. Kisha niletee hizo picha pamoja na zile herufi mbili za kombe lako.